Kabla ya Salamu

Katika jimbo la Michigan, Marekani, mtu mwenye leseni ya kubeba bastola iliyofichwa akisimamishwa na polisi anatakiwa amwambie askari papo hapo kwamba anayo. Haruhusiwi kusubiri aulizwe. Akinyamaza, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na leseni kusimamishwa kwa miezi 6. Akirudia ndani ya miaka 3, faini ni dola 1,000 na leseni inafutwa.

Majimbo hayafanani. Ohio, jirani yetu wa kusini, ilikuwa na sharti kama hilo hadi Juni 2022. Sasa unatakiwa kusema ukiulizwa tu. Minnesota pia ni mpaka uulizwe. Texas, askari akidai kitambulisho, unakitoa pamoja na leseni ya silaha. Alaska huhitaji leseni yoyote kubeba bastola, lakini kumwambia askari ni lazima. Illinois haiitambui kabisa leseni ya Michigan. Kwa hiyo mtu anayetoka Grand Rapids asubuhi kwenda harusini Columbus anabadilisha wajibu wake njiani, bila kubadilisha chochote kilichomo ndani ya gari.

Mimi sibebi bastola. Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kukaa katikati ya daktari na mgonjwa, hakimu na mshtakiwa, mwalimu na mzazi, na kusema kwa Kiingereza kile kilichosemwa kwa Kiswahili, kisha kurudisha jibu. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo kutoka Kivu Kusini waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Nimetafsiri habari za saratani, talaka, kodi na chanjo. Hiyo sentensi ya bastola ilinifikia kupitia shemeji yangu, na hadi leo ndiyo sentensi fupi iliyonipa kazi ndefu kuliko zote.

Shemeji alitoka Baraka, wilaya ya Fizi, akiwa na miaka 17, akavuka Ziwa Tanganyika usiku kwa boti ya mbao. Alifikia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani kwetu Kigoma, ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo. Dada yangu alikuwa akiuza vitenge kwenye soko la pamoja, pale wakimbizi na wenyeji walipokuwa wakiuziana. Yeye akauza kitenge, shemeji akanunua, akarudi kesho yake kuuliza kama rangi haichuji. Ndoa yao ilianzia hapo. Miaka mingi baadaye walipata makazi mapya Marekani, wakapelekwa Grand Rapids. Shemeji alifanya kazi kiwanda cha samani mpaka akapata mtaji, akafungua duka dogo la vyakula vya nyumbani: unga wa muhogo, mawese, ndagala waliokaushwa, sombe iliyogandishwa kwenye mifuko.

Usiku mmoja wa majira ya baridi, wakati anafunga, waliingia vijana wawili. Mmoja alikuwa na bastola. Shemeji aliwapa pesa za mauzo, simu, na pete ya ndoa. Hawakumgusa. Wiki iliyofuata alimwambia dada kwamba anataka kuomba leseni.

Dada hakukubali. Kwetu Kigoma bunduki zilikuwa za aina mbili: gobore la mwindaji na bunduki ya askari. Zote ulizijua mwenyewe ni nani. Silaha ndogo inayokaa chini ya shati la baba wa watoto wako, ukimkumbatia unaigonga kwa kiwiko, hiyo hakuielewa. Alimwambia, "Ulikimbia bunduki, ukavuka ziwa. Umevuka na bahari. Leo unaenda dukani kuinunua?" Shemeji akamjibu kwa upole kwamba miaka yote ile alikuwa upande wa mdomo wa bunduki, na amechoka upande huo.

Sikuingilia. Mambo ya mume na mke yana wenyewe. Lakini aliponiomba nimsindikize darasani, nilikwenda, kwa sababu Kiingereza chake kinatosha kuuza unga na hakitoshi kusikiliza sheria kwa saa nane.

Saa nane ndizo sheria inazodai: angalau tatu ziwe za kupiga shabaha, na risasi zisipungue 30. Zilizobaki unakaa kwenye kiti cha plastiki unasikiliza. Tulikuwa watu kama kumi na tano. Weusi tulikuwa wanne, na mmoja wa hao wanne ni mimi niliyekuja kutafsiri. Mkufunzi alikuwa mzungu wa makamo, mpole, aliyewahi kuwa askari. Alitufundisha mahali ambapo bastola haikubaliki, ambapo mtu anaruhusiwa kujihami, na namna ya kuihifadhi mbali na watoto. Kisha akafika kwenye kusimamishwa barabarani, akaondoa mzaha usoni.

Alisema: washa taa ya ndani kama ni usiku. Teremsha vioo. Zima injini. Weka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vionekane. Usitafute leseni, usifungue kisanduku cha dashibodi, usijikune. Askari akifika dirishani, sema kwanza leseni, ndipo useme bastola. Usitumie kabisa lile neno fupi la Kiingereza la herufi tatu, kwa sababu askari wakilisikia likipigiwa kelele barabarani maana yake kwao ni hatari. Usioneshe kwa mkono mahali ilipo. Kisha uliza ungependa nifanye nini, na ungoje.

Nilimtafsiria shemeji kwa sauti ya chini. Sentensi ikawa hivi: "Afande, nina leseni ya kubeba bastola, na ninayo sasa hivi. Ungependa nifanye nini?"

Aliandika kwenye daftari. Akaniuliza, "Papo hapo, maana yake ni lini?"

Nikamjibu, "Mara tu anapofika."

Akaitikia kwa kichwa, na nikadhani tumeelewana.

Nilijua kwamba sheria ile inamwambia raia aseme nini na kwa haraka gani, na kwamba hakuna mstari unaosema askari akishasikia ajibu nini. Watu wa hapa waliofuatilia habari wanajua pia kilichompata Philando Castile.

Ilikuwa tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, kitongoji cha Saint Paul, Minnesota. Castile alikuwa na miaka 32, msimamizi wa chakula katika shule ya watoto wadogo, na alikuwa akiwajua watoto kwa majina na vyakula vinavyowadhuru. Alikuwa ameshasimamishwa na polisi angalau mara 46 katika maisha yake ya udereva, mara nyingi kwa makosa madogo. Jioni ile mchumba wake alikaa pembeni yake, na binti wa mchumba, mwenye miaka 4, nyuma. Askari alimwambia kwamba taa ya breki haiwaki. Kwenye redio alikuwa ameshasema kwamba waliomo ndani wanafanana na watu waliofanya wizi wa kutumia nguvu.

Castile alimpa askari karatasi ya bima. Kisha, kwa utulivu na kwa heshima, akamwambia kwamba analazimika kumjulisha kuwa ana silaha. Kwa sheria ya Minnesota alikuwa hajafika hata kwenye wajibu huo, maana hakuna aliyemuuliza. Alisema kwa hiari. Askari akamwambia asiifikie. Castile akasema haitoi. Mchumba wake naye akasema haitoi. Sekunde chache tangu ile sentensi, askari alifyatua risasi 7 mtoto akiwa kiti cha nyuma. Castile alikuwa na leseni halali ya kuibeba bastola hiyo. Tarehe 16 Juni 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru askari kwa mashtaka yote.

Video ya gari la polisi ilipotolewa, niliisikiliza kama ninavyosikiliza kazi, huku nimefumba macho. Kwa Kiingereza sentensi ya Castile inaanza na heshima, inapita kwenye wajibu, na silaha inakuja mwisho. Ni sentensi nzuri. Mtu aliyeisema Kiingereza ndicho lugha ya mama yake. Hakutafuta neno, hakubabaika. Nimewasikia watu wakiichambua kama insha ya mtihani, kwamba angetaja leseni kwanza, angengoja, angefanya hivi. Mimi ninayeishi kwa kupanga maneno sina uhakika kwamba kulikuwa na mpangilio ambao ungemwokoa. Ninachokiona ni kwamba uzito wote wa sekunde zile umewekwa kwenye ulimi wa mtu aliyekaa, na mwenye kidole kwenye kifyatulio hakupewa wa kwake.

Na kwetu sisi wa Grand Rapids kulikuwa na jina lingine. Tarehe 4 Aprili 2022, asubuhi, Patrick Lyoya, Mkongo mwenye miaka 26, alisimamishwa hapa mjini kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari lenyewe. Hakuwa na bastola. Askari alimuuliza kama anajua Kiingereza, akasema ndiyo. Dakika chache baadaye, baada ya kukurupushana na kugombania kifaa cha kutia shoti, alipigwa risasi nyuma ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, na mkalimani akayageuza. Mkalimani huyo hakuwa mimi, lakini nilitazama nikiwa nimeshika meza, kwa sababu najua ilivyo kumsemea mtu maneno ambayo hata kwa lugha yake hayatamkiki. Kesi ya yule askari ilisikilizwa mwaka 2025. Wazee wa baraza hawakuafikiana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia.

Kwa hiyo shemeji alipopata leseni yake, dada alitoa sharti moja. Hatoki nayo mlangoni mpaka aiseme ile sentensi hata akiamshwa usingizini.

Tulifanya mazoezi jikoni. Shemeji alikaa kwenye kiti, ameshika mfuniko wa sufuria kubwa kama usukani. Binti yao, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14 na huniita mama mdogo, alikuwa polisi. Alishika tochi ya simu, akaja na mwendo wa kujivuna, akagonga kioo kisichokuwepo.

"Good evening, officer," shemeji akaanza kwa Kiingereza, na kutabasamu. "How are you? How is the work?"

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Dada hakucheka.

Nikamwambia, "Shemeji, papo hapo."

"Si nimemsalimia kwanza? Nimwambie mtu habari ya bastola sijamjulia hali?"

Hapo ndipo nilipoiona shida. Kwa Kiswahili salamu haihesabiki kama mazungumzo, ni mlango. Ukisema nilimwambia papo hapo, kila mtu anaelewa kwamba mliamkiana, mkaulizana habari za nyumbani na za kazi, ndipo ukamwambia. Anayeingia na shauri bila salamu ama ana msiba ama ana ugomvi. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Na sasa nilikuwa namwambia mwanamume wa miaka arobaini na ushei amkute mtu mwenye silaha, usiku, na amnyime salamu.

Tukarudia. Akaiondoa salamu. Akasema sentensi vizuri, mpaka binti alipouliza, "Leseni iko wapi?" Mkono wa shemeji ukatoka kwenye mfuniko, ukaenda mfukoni kwa kasi ambayo sikuitegemea, ukatoa pochi na kuinyoosha mbele, kichwa kimeinama.

Binti, aliyezaliwa hukuhuku, akasema taratibu, "Baba, umekufa."

Tulinyamaza wote. Shemeji akaitazama pochi mkononi mwake. Kisha akaeleza, akimtazama binti yake. Kule nyumbani, alisema, kulikuwa na vizuizi barabarani, wao wakiviita bariyeri. Kamba imefungwa mti kwa mti, na vijana wenye bunduki wamekaa chini ya kivuli. Ukifika, ulitakiwa uwe wa kwanza kutoa. Karatasi, pesa, sigara, chochote. Uinamishe kichwa, useme "jambo shefu", na mkono uwe umeshafika mfukoni kabla hajadai. Aliyechelewa kutoa alionekana mkaidi, na mkaidi alipigwa. "Mkono wangu ulinivusha bariyeri nyingi," alisema. "Huu mkono una akili yake."

Kile kilichokuwa ishara ya unyenyekevu upande ule wa ziwa, upande huu ndicho wanachokifyatulia risasi. Nilitafuta namna ya kuligeuza jambo hilo kwa Kiingereza, nimwandikie yule mkufunzi, nikashindwa. Si tatizo la msamiati. Mkono wa shemeji ulikuwa unasema "nakuheshimu", na askari wa hapa angesoma "nitakuua".

Tulifanya mazoezi kila Jumapili kwa karibu miezi miwili. Dada aliagiza ule mfuko wa plastiki unaoonesha ndani, unaopachikwa kwenye matundu ya hewa ya dashibodi ili leseni na bima vikae mbele ya macho na dereva asihitaji kupekua. Minnesota, Valerie Castile, mama yake Philando, alishirikiana na idara ya usalama wa umma ya jimbo kuigawa mifuko ya aina hiyo. Jina lake kwa Kiingereza maana yake ni kwamba sinyooshi mkono. Dada aliupachika mwenyewe, akaujaribu kwa kuuvuta mara tatu.

Usiku walipotusimamisha tulikuwa tunarudi kutoka matangani Lansing. Shemeji aliendesha, mimi nilikaa mbele, binti amelala nyuma. Dada alibaki nyumbani na wadogo. Tulikuwa tunapita mji mdogo ambao sina haja ya kuutaja. Taa za bluu na nyekundu zikajaa kwenye kioo.

Shemeji alifanya yote. Akasogea pembeni, akazima injini, akawasha taa ya ndani, akateremsha vioo vyote vinne, baridi ikaingia. Akaweka mikono juu ya usukani. Na mimi nikaweka yangu juu ya dashibodi, bila kuambiwa.

Askari alikuwa kijana, labda ana miaka 25. Kabla hajasema neno, shemeji akasema yake. Alisema leseni, akasema bastola. Lakini ulimi wa Fizi hauwachi konsonanti peke yake. Kila neno la Kiingereza anaongezewa irabu mwishoni ili lisikae pabaya. Askari hakuelewa. Alisogeza uso. "Una nini?"

Kazi yangu ni kusema pale ambapo watu hawaelewani. Miaka yote hiyo, ukimya kama ule ndio unaoniita. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, kwa Kiingereza safi, lafudhi imenyooshwa kwa ajili ya mahakimu. Lakini mkufunzi alisema dereva ndiye aseme, mtu mmoja, sauti moja. Askari akisikia sauti mbili anatazama pande mbili. Nikaifunga midomo yangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Shemeji akarudia, polepole zaidi. Safari hii neno lilifika. Mwanga wa tochi ukahama kutoka usoni kwake kwenda kwenye mikono yake, ukakaa pale. Askari akarudi nyuma hatua moja. Mkono wake wa kulia ukashuka kiunoni.

Binti akaamka. "Baba?" Nikasikia mkanda wake ukivutika akijisogeza mbele.

Nikasema, bila kugeuza kichwa, "Tulia, mama. Usisogee. Mikono magotini."

"Anasema nini?" askari akauliza, na sauti yake ilikuwa juu kuliko mwanzo. "Hiyo ni lugha gani? Amemwambia nini?"

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nimemwambia mtoto asisogee. Nilisema neno "mtoto" kwanza. Sikulipanga, lilitangulia lenyewe.

Sijui ni muda gani ulipita. Gari moja lilitupita. Kisha askari akauliza bastola iko wapi, na shemeji akasema, kwa mdomo, bila mkono: kiunoni, upande wa kulia. Askari akasema iache hapohapo. Akauliza leseni. Shemeji akasema ziko kwenye mfuko ule, naomba kuutoa kwa mkono wa kulia. Askari akasema sawa. Mkono wa shemeji ukatoka kwenye usukani kama mkono wa mtu aliye ndani ya maji. Mkono wenye akili yake ulikuwa umefundishwa akili nyingine.

Taa inayomulika namba ya gari kwa nyuma ilikuwa imeungua. Ndilo lilikuwa kosa lenyewe. Tulipewa onyo tu. Askari alipozirudisha karatasi alimwambia shemeji asante kwa kunijulisha, na alilisema kwa dhati. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatoka jasho, na nje kulikuwa na theluji.

Alipoondoka, shemeji hakuwasha gari. Aliniomba niendeshe mimi. Kwanza ilibidi nimbandue vidole kwenye usukani, kimoja kimoja. Tulipofika barabara kuu akasema, kwa Kiswahili cha kwao, "Shemeki, kule Fizi nilijua wanataka nini. Walitaka pesa. Huyu hakutaka kitu. Alikuwa ananiogopa." Akanyamaza kidogo. "Miaka yote ile sijawahi kuogopwa na mtu mwenye bunduki. Ni kubaya zaidi."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Mwenye kutaka kitu unaweza kujadiliana naye. Mwenye hofu unabaki kumwambia maneno yaliyopangwa na kusubiri hofu yake iamue. Leseni inasema serikali imekuamini. Barabarani usiku, serikali ni kijana mmoja mwenye tochi, na hajasoma faili lako.

Shemeji hakuirudisha leseni. Bastola siku hizi inalala kwenye kasha la chuma dukani, na anaibeba siku za kupeleka pesa benki, mchana, akiwa peke yake. Ndani ya gari lenye watoto haiingii tena. Huo ndio mwafaka wao na dada, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeshinda. Binti sasa ana miaka 16 na anajifunza kuendesha. Hana silaha na hataki, lakini sentensi amejitungia yake, ya kusema hana kitu, na mikono anaiweka juu hata akisimama kwenye taa za barabarani.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye ukumbi wa kanisa moja la Wakongo kuwaeleza watu nini cha kufanya wakisimamishwa na polisi. Walikuja zaidi ya nilivyotarajia, wengine hawana magari kabisa. Nilipofika kwenye habari ya silaha, nikafika kwenye lile neno la sheria, na sikusema "papo hapo". Nilisema, "Unamwambia kabla ya salamu."

Ukumbi ukaguna. Mzee mmoja wa Uvira, mbele kabisa, akanyoosha mkono.

"Kabla ya salamu? Hata jambo, usimwambie?"

"Hata jambo, mzee. Hiyo utaisema baadaye."

Akanitazama kama mtu aliyetumwa kufanya utovu wa adabu. Kisha akamgeukia kijana aliyekaa kando yake, akamwambia aliandike.